Mashine ya Mirija na Damu ya Mdogo Wangu

Mashine ya kupima damu ilipoletwa kutoka Mbeya, nilikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali moja mjini Iringa. Niliacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, nikabaki Kihesa na wadogo zangu watatu. Kazi yangu ilikuwa kuosha vichupa, lakini mpimaji wa zamani, kabla hajastaafu, alinifundisha pia kuandaa damu ya kupima sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi unaoumiza mifupa.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Unatia damu kwenye dawa, unasimamisha kichupa mbele ya maandishi. Ukiyasoma kupitia kichupa, mtu hana ugonjwa. Dawa ikifanya ukungu, maandishi yakapotea, anao. Ila mzee yule alinionya kwamba damu ya mtu aliyepungukiwa damu ni nyepesi, hudanganya kwamba hana. Hiyo lazima kwanza uizungushe kwenye chombo cha mkono, umwage maji ya juu, utumie chembe nzito zilizotuama chini.

Mashine haikumwaga kitu. Ilivuta damu yenyewe kwenye mirija myembamba kama uzi, kiputo cha hewa kikitenganisha damu ya huyu na ya yule, ikachanganya na dawa, ikachora jibu kwenye karatasi. Kila mtu alivutwa damu kiasi kilekile, awe mpasua mbao au mtoto aliyepauka viganja kwa kupungukiwa damu.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amepauka viganja. Kila kipupwe, wakishakimbia mchakamchaka shuleni, alirudi akilia mifupa. Mwalimu wake alimwita mtegaji, akamwongezea mizunguko.

"Lete cheti cha daktari," aliniambia. "Bila cheti atakimbia."

Cheti kilitaka jibu la maabara. Mashine ikajibu kwamba hana, na mtaalamu mpya aliyeiendesha akaandika hivyo: HANA.

Nilimwambia damu ile ni nyepesi, iandaliwe kwa mkono.

"Ndugu, wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi hii imesoma kukuzidi." Wenzake wakacheka. "Kaoshe vichupa."

Sikwenda kuosha. Yeye hakuwahi kumwona yule mtoto amejikunja kitandani, ameuma shuka ili asitusumbue. Nilichukua damu iliyobaki, nikaizungusha mpaka mkono ukauma, nikamwaga maji, nikatia chembe kwenye dawa. Nikarudi mezani kwake, nikasimamisha kichupa mbele ya jibu aliloliandika mwenyewe.

"Soma."

Akainama. Akasogeza kichupa dirishani, karatasi nyuma yake.

"Soma, bwana mtaalamu. Mimi ni wa darasa la tano."

HANA ilikuwa imepotea kwenye ukungu. Alikata lile neno, akaandika ANAO, na pembeni akaongeza kwamba mashine imerudia kipimo. Uongo mtupu. Mashine haikuguswa. Nilitaka kumtupia karatasi yake, lakini daktari alikuwa anakaribia kuondoka. Nikaichukua hivyohivyo, cheti kikaandikwa.

Asubuhi nilimpeleka mdogo wangu shuleni mimi mwenyewe. Mwalimu alikisoma cheti mara mbili.

"Kumbe," akasema.

Watoto wakatoka mbio wakiimba. Mdogo wangu akaingia darasani, akakaa peke yake, amevaa sweta langu. Mimi nikabaki pale uwanjani mbele ya mwalimu, nikisubiri aseme pole. Akakunja cheti, akakitia mfukoni, akawafuata wanaokimbia.