Gauni la Mama Mbele ya Penseli

Mwaka wangu wa kwanza Mbeya sikuwa na mtu. Nilifanya kazi kwenye jarida dogo la mitindo, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mhariri wetu, binti mkubwa wa familia hiyo, alikuwa na utaratibu wake: makala humpi akaisome kimya. Unaisoma kwa sauti, yeye anachora vazi kwa penseli, na anachora ulichokisema tu. Mara nyingi nilirudishiwa karatasi yenye shingo na pindo, katikati hamna kitu. Hapo unajua unaandika upya.

Msimu wa baridi nikaandika kuhusu gauni la mama. Tulimzika Iringa akiwa amelivaa, na hatukuwa na picha hata moja aliyopigwa nalo. Nilitaka ukurasa mmoja, libaki mahali. Nilisoma sauti ikinikatika: gauni lilikuwa alfajiri ya milimani, lilicheka alipotembea. Nilipomaliza, karatasi yake ilikuwa nyeupe.

"Pole na msiba, mwanangu," alisema. "Lakini umenionyesha unavyolia. Gauni liko wapi?"

Siku hiyo nilimchukia. Jioni nilimpigia baba, kule Kihesa, Iringa, nikamuuliza mikono ya lile gauni ilikuwaje. Akasema lilikuwa zuri tu, kisha akauliza kama nimekula. Dada yangu alidhani lilikuwa la bluu. Halikuwa la bluu. Nikaelewa kwamba nisipolikumbuka mimi, limekwisha.

Nikakaa kitandani, nikamvalisha upya kichwani, pole pole, kama Jumapili kabla ya ibada. Zipu ya mgongoni niliivuta mimi. Ilikwama katikati, naye akabana pumzi. Mikono ilikuwa mipana kwa sababu alipenda kuikunja akiingia jikoni. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo, fundi akaliwekea kitambaa ndani, na bado lilishuka.

Nilipomsomea mhariri tena, penseli ilitembea.

"Mfuko?"

"Kulia, kwenye mshono. Wa leso."

"Pindo?"

"Liliteremshwa. Mstari wa zamani ulionekana."

Kisha akachukua kurasa zangu. Alfajiri ilikatwa. Kicheko kilikatwa. Akafika kwenye sentensi iliyosema nimemkumbuka.

"Hiyo moja niachie, madam."

"Hiyo ndiyo inayomziba mama yako," alisema, akaifuta.

Sijawahi kukatwa vile tena. Siku hizi naandika riwaya, na marafiki ninaowasomea huniambia nimewagusa, basi. Natembea peke yangu kurudi nyumbani na kurasa zangu zote, hakuna hata mstari uliopungua.

Ule mchoro niliupiga picha siku ile ile nikamtumia baba. Hauna uso, ni gauni tu, limeelemea kushoto. Alipiga simu kesho yake.

"Huyu aliyechora alimfahamu mama yako?"

Nikamwambia hapana, hawakuwahi kuonana.

Hakukata simu. Tulikaa hivyo, yeye Kihesa na mimi Mbeya, kila mmoja chumbani kwake, mpaka salio lake likaisha.