Kabla Maksai Hawajatoka Zizini

Nakumbuka msimu ule tulipokuwa tumetoka kumzika baba, mwanangu. Mawingu ya kwanza yalikuwa yanajikusanya juu ya Ufipa, na watu wa kijiji chetu cha Mwazye walikuwa wanatengeneza plau zao. Ndipo kaka yangu Deo aliposimama mlangoni kwa mama akasema maksai wauzwe.

Maksai wale ndio waliokuwa mali yetu. Walilima shamba letu la mahindi na la ulezi, kisha wakawalimia majirani, na majirani wakatusaidia kuvuna. Lakini Deo alikuwa ametoka Sumbawanga mjini. Huko alikutana na mtu anayeuza mashine za kukamua alizeti, naye akamwambia kwamba kila jiko linataka mafuta na kila kijiji kina alizeti. Mwenye mashine, alisema, anakaa tu wateja wanamfuata.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kumkata mtoto wake kauli.

"Na soko umeliona wewe mwenyewe?" akauliza.

"Nimeliona, mama. Mafuta hayakai dukani."

Mama akanigeukia. Nilikuwa nasomea biashara chuo kikuu, na likizo yangu ilikuwa inakwisha. "Yustina, huko chuoni kwenu hakuna watu waliokwisha kuyauliza haya kabla yetu? Katutafutie. Maksai hawatoki zizini mpaka urudi na neno."

Deo akakubali kungoja, ila kwa shingo upande. Wakati ananisindikiza stendi alinishika bega. "Mdogo wangu, mama anakuamini wewe. Usiniangushe."

Sasa elewa jambo moja. Baba alipoanza kuumwa, Deo aliacha shule ili mimi niendelee. Kila daraja nililopanda lilipita mgongoni mwake. Kwa hiyo nilipoingia maktaba ya chuo nilikuwa na jibu tayari moyoni, nikitafuta tu wa kulitia sahihi. Niliketi kwenye kompyuta, nikaandika "faida za kukamua alizeti", na maandishi yakaja tele. Nikachapisha yale yaliyosifu sana, nikaenda kwa mkutubi kumwomba mengine ya namna ile.

Mkutubi huyo aliitwa Mama Rehema, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alizisoma karatasi zangu moja moja, kisha akazilaza mezani.

"Binti, umekuja kutafuta jibu au kutafuta shahidi?"

Nikazitazama zile karatasi.

"Maana shahidi utampata," akasema. "Humu ndani kila hoja ina shahidi wake. Hii karatasi, umeona nani ameiandika? Ni watengenezaji wa mashine. Hawa hawawezi kukuambia usinunue."

Nikamweleza habari ya maksai. Akavuta kiti, akaniambia niketi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu yangu, mwanangu, ingawa nilikuwa nimeshakaa darasani miaka mingi.

Kwanza alinizuia nisiulize swali moja kubwa. Akanitaka nilivunje: nani analima alizeti mkoani Rukwa, inavunwa lini, nani anainunua ikishavunwa, nani tayari anakamua, na mafuta yetu yanashindana na mafuta gani dukani? Kisha akanionyesha kwamba kila swali lina nyumba yake. Habari za mavuno zilikuwa kwenye rafu ya machapisho ya serikali, pamoja na taarifa za wizara ya kilimo. Habari za bei na za mafuta yanayotoka nje zilikuwa kwenye magazeti ya biashara yaliyohifadhiwa. Palikuwa na tasnifu za wanafunzi waliotangulia, wengine walitembea vijiji hivi hivi vya kwetu wakiuliza wakulima. Na palikuwa na kanzidata, hazina za maandishi ndani ya kompyuta, ambazo chuo kinazilipia. Ukiwa nje ya chuo huzioni, ukiwa ndani ni zako bure.

"Na ukimaliza kusoma," akasema, "angalia mwisho wa maandishi, alikotoa habari zake. Mfuate huko huko mpaka kwa yule aliyehesabu mwenyewe. Angalia na mwaka. Soko la jana si la leo."

Nilisoma mpaka macho yakauma. Picha ikaanza kujichora, nami sikuipenda. Maandishi tofauti, ya watu wasiojuana, yalikuwa yanasema jambo lile lile: kwetu alizeti ilikuwapo kwa muda mfupi baada ya mavuno, wanunuzi wa mbali wakaja na malori wakaichukua, na mashine nyingi zikakaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka. Mafuta ya nje yakiingia kwa wingi, bei ya mafuta yetu ikashuka. Waliofanikiwa walianza kwa kupatana na wakulima juu ya mbegu, mashine ikafuata nyuma.

Nililia pale mezani, sikufichi. Nilikuwa namwona Deo na jembe lake.

Nilimuuliza Mama Rehema kama mambo ya mji wa Namanyere yako hivyo hivyo, maana Deo alitaka kuiweka mashine huko. "Hilo halimo humu," akajibu. "Wengine wamekufikisha hapo. Palipobaki mtakwenda wenyewe." Nikaomba ruhusa chuoni, nikapanda basi kurudi nyumbani.

Deo aliponisikiliza, uso ulimbadilika. "Nimekusomesha ili uje unipinge mbele ya mama?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwa hiyo sikumjibu upesi. Kisha nikamwambia, "Kaka, sijasema usifanye. Haya ndiyo niliyoyakuta, na lipo nisilolijua. Twende Namanyere tukaulize pamoja."

Hakunisemesha njia nzima. Tulifika kwa bwana mmoja aliyekuwa na mashine kama ile. Ilikuwa imefunikwa turubai. Deo akamuuliza anakamua lini. Yule bwana akacheka bila furaha. "Nikipata alizeti. Niliuza ng'ombe nikanunua chuma, ndugu yangu. Chuma hakili majani, lakini hakilimi."

Deo aliligusa lile turubai, akalifunua kidogo akaitazama mashine. Mwaka ule maksai hawakuuzwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ndoto yake hakuitupa. Alikwenda nyumba kwa nyumba akawaunga wakulima, wakalima alizeti pamoja, wakakamua kwa mashine ya kukodi, na mashine ya kikundi ikaja baadaye sana. Hakuwahi kuniambia asante. Nami sikuidai, kwa kuwa najua ilimgharimu nini kunisikiliza. Sasa amelala kando ya baba, Mungu amrehemu.

Mwanangu, wewe una simu mkononi, na dunia nzima inakupigia kelele humo. Ukitaka kuanza biashara, kumbuka kwamba kuuliza si ujinga. Kabla hujaenda kuuliza watu sokoni, tafuta waliokwisha kuuliza. Ingia maktaba ya chuo; kama wewe si mwanafunzi, omba uruhusiwe. Msogelee mkutubi, usimwonee haya, ndiyo kazi yake. Mwambie swali lako, si jibu unalolitaka. Uliza nani ameandika, lini, na anapata nini ukimwamini. Usitosheke na mmoja. Vitabu vikifika mwisho, nenda ukaone kwa macho. Na unaporudi kwa uwapendao, wape ulichokikuta, hata kama kitawauma, na uwe tayari kutembea nao njia nzima hata wasipokusemesha.

Mungu akupe moyo wa kusoma lisilokupendeza, na upole wa kulisema. Akulindie walio nyuma yako, na mvua ikukute shamba lako limelimwa.