Gitaa la Kvarn na Mitumba ya Ingegerd

Ingegerd Nyhlén hakuwahi kukipita kitu chenye skrubu bila kutaka kukifungua. Akiwa na miaka minane aliifungua saa ya ukutani ya shangazi yake. Akiwa na ishirini na sita aliifungua cherehani ya mama mkwe, siku ya Jumapili, wageni wamejaa sebuleni. Roland, aliyekuwa mumewe, siku anaondoka kwenda Norway alimwambia kwamba amechoka kuishi na mtu anayemtazama kama anayetafuta skrubu zake ziko wapi. Ingegerd aliyatafakari maneno hayo kwa miaka. Hakuona pa kuyakanusha.

Alifundisha useremala katika shule ya Ljusfors, mji uliobanwa kati ya mto na msitu wa misonobari, ambako kiwanda cha karatasi kilikuwa kimefungwa na harufu yake bado inatoka kwenye mapazia ya watu. Kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alishuka ngazi hadi chumba kisicho na dirisha chini ya maktaba, akapiga muziki na wanaume wawili. Sixten Palm, aliyemaliza miaka ishirini na tisa kiwandani, alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la kwanza. Folke, dereva wa gari la kusukuma theluji, alikaa kwenye dramu; Ingegerd alipiga gitaa la pili. Walipiga nyimbo za mtu mmoja tu, Ruben Kvarn, aliyezaliwa bonde la pili kutoka hapo, na ambaye gitaa lake lililia kama msumeno unaokata mti wenye barafu ndani.

Chumba kilikuwa cha bure, kwa sharti moja. Jumuiya ya elimu ya watu wazima iliwapa kwa kuwa wao, kwenye karatasi, si bendi. Ni kikundi cha masomo. Miaka kumi na moja nyuma Sixten alijaza fomu kwa dakika tano, kikombe cha kahawa mkononi: Mada, sauti ya gitaa la Ruben Kvarn. Lengo, kuelewa inatokana na nini. Tangu hapo kila muhula alinakili maneno yaleyale, wote wakatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, kisha wakapiga muziki wao.

Ingegerd alipojiunga, miaka mitatu iliyopita, aliisoma fomu kabla ya kutia sahihi. Akaiamini.

Sixten alikuwa nalo gitaa lenyewe, la toleo lililotengenezwa kwa jina la Kvarn: la kijani kibichi, jina hilo limeandikwa kwa wino wa dhahabu kichwani. Lilimgharimu krona elfu arobaini na sita, karibu kiinua mgongo chote alichopewa kiwanda kilipofungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Ingegerd hakuwa na fedha ya namna hiyo, na hata angekuwa nayo asingeinunulia jibu. Alitaka kulitafuta mwenyewe. Alinunua la bluu kwa daktari wa meno aliyetangaza mtandaoni, krona elfu moja na mia mbili. Alipata jingine duka la mitumba la kanisa, kwa krona mia nne, halina jina wala rangi ya kueleweka. Akalipiga randa ubavuni, akakuta ni plaiwudi. La tatu alilichonga mwenyewe kutokana na dawati la shule lililotupwa.

Aliandika kila kitu kwenye daftari la miraba. Yeye, mtu wa mbao, alitegemea siri iwe kwenye mbao. Haikuwa huko, au ilikuwa huko kidogo sana, na usiku alipolikubali hilo alikaa jikoni bila kuwasha taa. Lakini sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, ukizipandisha kwa unene wa sarafu moja, gitaa zima lilibadilika sauti kama mtu aliyepigiwa simu na ndugu. Lile la plaiwudi ndilo lililomkaribia Kvarn kuliko yote. Kasoro moja tu: noti za juu hazikudumu. Zililia, zikazimika.

Mwezi Oktoba ikaja barua. Afisa wa jumuiya, Mirjam Ask, angewatembelea. Vikundi ambavyo havisomi chochote vitanyang'anywa vyumba; viwili vya mji jirani vilikwisha kutolewa.

"Tumekwisha," alisema Folke. "Mimi dramu zangu nitaziweka wapi? Mke wangu atanichoma nazo."

"Tulia wewe," alisema Sixten. "Nitamwambia tumesoma, tukagundua kwamba sauti ya Kvarn inatoka kwenye gitaa la Kvarn. Basi."

"Hilo si kweli, Sixten," alisema Ingegerd.

"Mwalimu, naomba siku hiyo unyamaze."

Wiki nzima alitembea na ombi hilo kifuani. Chumba kile kikienda, Alhamisi zake zingekuwa kama siku nyingine. Na akisema yaliyomo daftarini, angekuwa amemwambia mtu mbele ya mgeni kwamba miaka yake ishirini na tisa alinunulia wino wa dhahabu.

Mirjam Ask alikuja na koti limelowa mvua. Alikula andazi moja la mdalasini, akafungua jalada lake.

"Haya. Miaka kumi na moja mada ni moja. Mmejifunza nini?"

Sixten alieleza aliyoyapanga. Afisa alimsikiliza, kalamu haikuandika.

"Mmejuaje?"

"Unasikia tu," alisema Sixten. Shingo ilikuwa imemwiva.

Kalamu ililazwa juu ya meza. Folke akamtazama Ingegerd kama mtu anayezama. Ingegerd akalitoa daftari lake la miraba.

"Tumejua mambo machache," alisema taratibu. "Mbao si kitu kikubwa. Sumaku ni kitu kikubwa. Gitaa la krona mia nne linaweza kulia hivyo, isipokuwa noti za juu. Kwenye la Sixten hazifi. Kwa nini, sijui."

"Kwa nini hujui?"

"Sijawahi kulifungua."

Amplifaya ilikuwa ikivuma peke yake kwenye kona. Sixten akalivua gitaa lake mkanda, akalilaza juu ya meza kati ya vikombe.

"Una bisibisi, bila shaka."

"Ninayo."

"Unalala nayo, huyu," alisema Folke.

"Fungua. Ukilikwaruza, Mwalimu, nakuzika mwenyewe kule msituni."

Skrubu nne zilitoka, shingo ikaachana na mwili. Kwenye maungio palikuwa na kipande cha kadibodi ya kijivu, kimekatwa kwa mkasi, upande mmoja kinene kidogo, na alama ya penseli ya mfanyakazi fulani asiyejulikana.

"Kadibodi?" alishangaa Sixten.

"Kadibodi."

Ingegerd alisubiri hasira, au kitu kibaya kuliko hasira. Sixten alikichukua kile kipande, akakigeuza karibu na taa. Karatasi alikuwa ameijua maisha yake yote.

"Hii ni ya kukandamizwa mara mbili," alisema. "Lakini inafanya kazi gani humu?"

Kwa miaka yote aliyomfahamu, Ingegerd hakuwahi kumsikia akiuliza swali.

"Nadhani inainamisha shingo. Nyuzi zinakalia daraja lake, pale chini zinapoegemea, kwa uzito zaidi. Nadhani tu."

"Basi tujaribu kwenye hilo lako bovu la plaiwudi." Alitoa mfukoni kopo lake la ugoro, la karatasi ngumu, akaubandua mfuniko. "Hii ni nyembamba. Nikunje mara ngapi?"

"Mara moja kwanza."

"Mbili, bwana," alisema Folke, amekwisha kuacha dramu zake na kuinama juu ya meza. "Angalieni ile ilivyo nene."

Mirjam Ask alisema kitu kuhusu sahihi. Hakuna aliyegeuka. Alisubiri, akala andazi la pili, akavitazama vichwa vyao vitatu vilivyogusana chini ya taa, wakibishana kuhusu unene wa mfuniko wa ugoro. Kisha akaichukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akatia muhuri.

Ingegerd akaibana skrubu ya mwisho, mfuniko uliokunjwa ukiwa ndani, akaupiga uzi wa juu kwa kucha. Noti ikapanda.

"Msipumue," alinong'ona Sixten.

Hawakupumua, hata afisa.