Meno Mawili na Kigelegele

Meno yangu mawili ya mbele niliyamaliza kwa kutafuna gubiti, peremende ngumu za sukari, na sitaki kuulizwa zaidi. Ningekaa hivyo hivyo Kuze, nikiongea na watu dirishani, lau si harusi ya binti wa dadangu. Kwetu, bibi harusi akitolewa, wa kuanzisha vigelegele ni mimi. Na kigelegele changu sasa kilitoka upepo mtupu.

"Wapuliza jiko au waita watu?" dadangu akaniuliza. "Enda ukatiwe meno, au nimpe wifi yako aanzishe."

Wifi yangu, ambaye akipiga kigelegele paka huhama mtaa.

Nikavaa buibui nikaenda kwa daktari wa meno Tononoka. Kwa mtu ambaye hata Makupa, mji huu huu mmoja, huiona ni ng'ambo ya bahari, hiyo ni safari ya kuagana na jirani.

"Mama, unaweza kutiwa skrubu ndani ya mfupa wa taya," akasema, "kisha jino likae juu yake. Hilo halitikisiki. Lakini utangoja miezi mfupa uishike, na hapa hatufanyi, ni Nairobi."

Ramadhani imeshaingia, harusi ni baada ya Idi, nami nina mfupa wa kubembelezwa. Njia nyingine ilikuwa kuyasaga meno mazima ya pembeni yabebe ya bandia katikati, kama daraja. Nikamuuliza hayo mazima yamekosa nini. Kikabaki kibao cha plastiki chenye meno, cha kuvaa na kuvua.

"Kitahimili kigelegele?"

Akavua miwani. "Mama, hilo hatukufundishwa."

Nikakichukua hivyo hivyo, na jibu nililipata jikoni. Nilijaribu kigelegele kimoja tu, kibao kikaruka, kikatua kwenye unga wa mahamri.

"Dada," akasema dadangu, "hamri lako lanicheka."

Siku ya harusi ukumbi ulijaa wanawake. Bibi harusi akatokeza mlangoni, na wifi yangu, huyo, ameshaanza kuinua mkono. Sikungoja. Nikakitoa kibao, nikakifunga kwenye pindo la leso, nikaziba mdomo kwa kiganja kama tufanyavyo siku zote, nikapiga.

Ulitoka upepo. Hakuna aliyeusikia, maana walipouona mkono wangu tu, ukumbi mzima uliitikia. Miaka yote hiyo, kumbe, walikuwa wakiutazama mkono.

Wifi akanijia kwenye biriani. "Leo umepiga, wallahi. Meno mapya hayo."

Nikaitikia kwa kichwa, mdomo nimeufumba, sahani ya nyama mbele yangu inapoa.