Alichokiona Mwosha wa Faza

Bi Thuwaiba wa Faza ameosha maiti wa kike kwa miaka ishirini na sita, na kama yuko mtu kisiwani Pate anayejua wanawake wanakufa vipi, ni yeye. Anajua, wala hasemi. Aliyemfundisha kazi alimwapisha: ukiona nuru usoni mwa maiti, itangaze, ukiona aibu mwilini, izike pamoja naye. Ndiyo maana wenyeji humwamini. Midomo mingine ya Faza, Mungu atusamehe, habari hazilali humo hata usiku mmoja.

Juzi alimwosha Ummu. Kwa uso ungempa miaka sabini, lakini alikuwa na arubaini na sita tu; Thuwaiba alimbeba akiwa mchanga, hadanganyiki. Kifuani alikuta kitambaa kimefungwa kwa nguvu, na alipokifungua, harufu ilishinda udi wote uliofukizwa. Titi la kushoto lilikuwa donda tupu. Akalitia pamba na kafuri, akalifunika, akaendelea kumwaga maji kana kwamba hakuona kitu.

Tangu siku hiyo akili yake haijatulia. Miaka mitatu nyuma aliitwa Lamu, Mkomani, kusaidia kumwosha Bi Ghada wa nyumba kubwa, aliyepita miaka themanini na tano. Naye titi la kushoto halikuwapo. Palikuwa na kovu moja la zamani, limenyooka, halina kelele. Ndugu zake walimpandisha ndege kwenda kupasuliwa alipokuwa na umri wa Ummu, akarudi, akafunga Ramadhani arubaini nyingine.

Ugonjwa mmoja, titi lile lile. Basi imekuwaje? Umri umeandikwa, hilo Thuwaiba halibishi. Lakini mbona huku kwao unaandikwa mfupi mfupi? Akasema astaghfirullah, kisha akawaza tena. Jirani alimnong'oneza kuwa Ummu alikwenda zahanati, akakuta anayepima ni mwanamume, akaona haya, akarudi na kifua chake. Kwenda hospitali ya Lamu kulitaka ruhusa ya mume, na mume alikuwa baharini akivua kamba. Kadi ya bima ilitaka kitambulisho, na kitambulisho cha Mtikuu, yaani Mbajuni, kilitaka kwanza ajulikane babu yake alizaliwa wapi. Hayo nayo yameandikwa? Na nani? Kila alipovuta uzi mmoja, fundo lilikaza kwingine, mpaka akajichukia kwa kuwaza.

Siku ya tatu, baada ya khitma, alikuja Afra, kifungua mimba wa Ummu, binti wa miaka ishirini na minne anayefundisha chekechea Kizingitini. Akakaa kwenye mkeka karibu naye.

"Bi Thuwaiba, niambie ukweli. Mamangu ulimwonaje?"

"Nalimuona na nuru, mwanangu. Mwili safi kama wa mtoto mtanga."

Maneno hayo ameyasema kwenye milango mingi, na hayajamdhuru mtu. Afra akashusha pumzi, akafuta machozi huku akitabasamu.

"Alhamdulillah. Kumbe kweli kilipoa."

"Kilipoa nini?"

"Kivimbe chake cha titi. Aliniambia alikikanda kwa mafuta ya habasoda kikaisha. Nami changu ninakikanda hivyo hivyo, mwezi wa nne huu. Baba anasema mama ameuawa na kijicho cha watu, lakini mimi niliogopa labda ni kile kivimbe. Sasa moyo umetulia."

Thuwaiba akisema, amemvua nguo maiti aliyemwapia kumsitiri. Asiposema, huyu ataendelea kujikanda. Alitafuta kichwani fatwa, hadithi, hata methali ya kumshika mkono. Akaipata moja tu, mwosha huoshwa, nayo haikumwambia chochote cha kufanya. Aliogopa kweli kweli, na hakujua anamwogopa nani zaidi, Mungu au huyu mtoto.

"Hakikupoa," akasema.

Afra akamtazama. "Si umesema alikuwa safi?"

"Nimesema. Lilikuwa donda, Afra. Mimi ndiye niliyelifunga kwa pamba. Nimeliona kwa mato yangu."

Mkono wa binti ulipanda kifuani juu ya buibui, ukabaki pale pale.

"Mama alinificha," akasema. "Na wewe je? Nimekuuliza ukweli. Mbona ulinidanganya?"

Thuwaiba alijua ameshavunja kiapo cha miaka ishirini na sita, na hakujua kama amefanya dhambi au thawabu.

"Nalikuwa namsitiri mamako," akasema, akiinuka kwa kushika ukuta. "Sitara ile ni ya maiti. Wewe u hai, huyafa. Inuka, twende Lamu yeo hii."