Anaomba Radhi ya Mkono Wangu, Mwalimu Yona Hamtaji

Admin, ficha jina langu. Ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Kombo anaondoka Jumamosi kwenda Hija. Aliyeniambia ni mwanawe, aliyekuja kwangu Korogwe Jumapili iliyopita kuniomba radhi kwa niaba ya baba yake, kama ilivyo desturi ya anayekwenda Makka. Radhi yenyewe ni ya kunivunja mkono. Ni kweli aliuvunja. Lakini siku ile hakuvunja mkono tu.

Nina miaka sabini na moja, mwanamke, mwalimu mstaafu. Kipindupindu kilipoingia Handeni enzi za Ujamaa, nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya kijiji ambacho watu wake walikuwa bado hawajazoeana. Walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao, wengine kwa nguvu, wakaletwa kwenye kisima kimoja. Ugonjwa ulipofika, wanafunzi walirudishwa nyumbani na madarasa yakawa wodi. Walimu hatukuondoka. Bwana afya alituachia ndoo, chumvi, sukari na unga wa klorini, akapanda baiskeli kwenda kijiji kingine. Niliwanywesha wagonjwa kijiko kwa kijiko, nikamwaga matapishi, nikaosha sakafu ya darasa la tatu, mle mle nilimokuwa nikifundisha kuzidisha. Waliokufa tuliwatoa mapema, wasionwe na waliobaki.

Mwalimu mkuu, nitamwita Yona, alikuwa kijana wa Bungu, Mkristo, mgeni kama mimi. Mgonjwa akipata nafuu, alimwambia, "Umefaulu, nenda darasa la nne." Siku tuliyopata ule unga, aliumwaga kisimani kama alivyoelekezwa, akagonga kengele, akawatangazia wanakijiji: "Kisima tumekitia dawa. Leo msichote."

Pengine kwao Bungu neno "dawa" lilikuwa jepesi. Pale kijijini, shamba likitiwa dawa, mwizi akila mahindi yake anavimba na kufa. Kisima kilichotiwa dawa kilieleweka hivyo hivyo. Mama Zaina, mpishi wa shule, alimvuta pembeni.

"Mwalimu, ungesema mmekisafisha."

"Si kitu kile kile, mama?"

Havikuwa kitu kimoja. Kesho yake asubuhi mdogo wake Kombo, msichana wa darasa langu, alifia mikononi mwangu. Kabla ya adhuhuri wanakijiji walikuja, Kombo akiwemo, na mipini ya majembe, michi na mapanga.

"Kasema mwenyewe!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Kwa mdomo wake!"

"Mmetutoa kwenye maji yetu, mje mtuue kwa haya!"

Yona alitoka nje, akachota maji ya kisima kwa kata, akanywa yote mbele yao. Alidhani hoja imekwisha. Kombo akacheka.

"Mmemwona? Mchawi hafi kwa dawa yake."

Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, meno yakamtoka. Alipoanguka, walimshindilia ule unga uliobaki kinywani. "Kula, mwalimu! Jitie dawa na wewe!" Nilijitupa juu yake. Kombo alinipiga kwa mpini, mfupa wa mkono ukatokeza nje ya ngozi, akanishika kilemba na kunitupa kando. Kisha akauacha mpini, akachukua mchi. Alimpiga Yona kichwani, akaendelea kupiga hata mwili ulipoacha kutikisika. Nilikuwa karibu, macho wazi. Ni yeye, si mwingine.

Wengine wakaelekea darasani. Mama Zaina alisimama mlangoni na mwiko wa ugali.

"Ingieni! Humu wamelala wake zenu na wazazi wenu. Anzeni kuwakanyaga!"

Wakasita. Mmoja akalitupa panga, akauliza mkewe amelazwa upande gani. Jioni ile alikuwa akimnywesha kwa kijiko, suruali yake ikiwa bado na damu ya Yona.

Nilimtaja Kombo kwa polisi. Wanakijiji wote walisema hawakuona. Akawekwa ndani kwa muda, akaachiwa. Yona alizikwa Bungu. Mimi nilihamishwa, na mkono umepinda mpaka leo.

Jumapili nilimuuliza mwanawe, "Baba yako amekutuma kwa ajili ya mkono peke yake?"

"Ndiyo, mama. Alisema mlikuwa vijana, kukatokea fujo wakati wa kipindupindu."

"Na Mwalimu Yona?"

"Nani huyo, mama?"

Hakuwa akiigiza. Nimesikiliza watoto wakidanganya miaka yote ya kazi yangu, ningejua. Nikamwambia radhi hii siitoi kwa mjumbe, mzee aje mwenyewe.

Mkono ni wangu. Naweza kuusamehe, na kusema kweli niliusamehe zamani. Damu ya Yona si yangu. Ana dada yake Bungu, yu hai, na hakuna aliyemwendea. Nikitamka "nimekuwia radhi" na kunyamaza, Kombo atapanda ndege akijua amemaliza. Binti yangu anasema, "Mama, mzee yule ana presha. Ukimwambia mbele ya mtoto wake utamuua." Kaka yangu anasema nikinyamaza nitakuwa sawa na wale waliosema hawakuona. Sijaona alipokosea hata mmoja wao.

Nilipewa jibu kwa simu jana: anakuja Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Atakayemleta ni mwanawe huyo huyo, na atakaa naye sebuleni akisikiliza. Mliowahi kuombwa radhi ya nusu ya kosa, niambieni mlijibuje, nami nimjibu nini mzee huyu. Nitasoma maoni yenu hadi Alhamisi adhuhuri.