Chungu cha Dawa ya Chiriku

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya kona siku ya Jumatatu: transfoma inabadilishwa, umeme utakatika Jumamosi saa sita mchana na hautarudi mpaka zipite siku kumi na mbili. Mtaa mzima ulikuja juu. Kinyozi alitukana, mwenye duka la maziwa akashika kichwa. Fundi cherehani hakupoteza muda. Aliingia ndani akaanza kujiandaa, maana kwa kazi hiyo hakuna aliyemfikia.

Alikuwa ameisomea miaka sita. Binti yake, ambaye kwa mdomo wake usiojua kupumzika walimwita Chiriku, alipata kisukari akiwa na miaka mitano, na insulini haitaki joto. Umeme ukikatika tu, mama alitoa vyungu viwili, akatia kile kidogo ndani ya kile kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaulowesha maji, akaweka dawa ndani, kisha akafunika kwa kitambaa kibichi. Chiriku naye alitumbukiza mkono na kutangaza kwa sauti ya daktari mkuu, "Dawa ina baridi kuliko pua ya mbwa! Mgonjwa ataishi!"

Miezi mitatu iliyopita Chiriku alifariki. Homa ya siku mbili, kitanda cha hospitali, basi. Na umeme ulikuwepo. Hilo ndilo lililomtesa mama: siku ile friji ilikuwa inanguruma, dawa ina baridi, kila kitu kiko mahali pake. Majirani waliomwita Mama Chiriku miaka yote ile wakaona haya kulitamka jina la marehemu, wakaanza kumwita Fundi. Eti wanamhurumia. Huruma gani hiyo ya kumvua mtu jina la mwanawe!

Mlangoni mwa friji kilibaki kichupa kimoja, nusu. Muuguzi alikwishamwambia kwamba kikishafunguliwa ni cha mwezi mmoja tu, akitupe. Hakukitupa.

Basi wiki ile alishona sare zote za wateja kabla mashine yake ya umeme haijageuka pambo. Akapiga pasi nguo za siku kumi na mbili, akanunua mishumaa, mkaa na betri za tochi, akajaza madumu yote maji kwa kuwa pampu nayo ingelala. Mumewe, fundi baiskeli, alitumwa huku na huku mpaka akalalamika, "Mke wangu, unakatika umeme, si dunia." Jumamosi asubuhi akaingia jikoni, akakuta vyungu chini ya meza, mchanga umelowa, kitambaa kimefunika juu. Alijua ndani kuna nini.

Saa tatu ikapigwa hodi. Alikuwa muuza mboga wa nyumba ya mwisho, ambaye binti yake alikuwa ameanza sindano za insulini mwezi huo.

"Samahani, Fundi. Nimeambiwa wewe unajua kutunza dawa bila friji. Nimezunguka soko zima natafuta vyungu, siku hizi wanauza masufuria tu. Nakuomba uniazime."

"Vyangu vilipasuka," Fundi akasema.

Pale pale kitambaa kikadondosha tone la maji sakafuni, chini ya meza. Muuza mboga aliona. Akainamisha macho, akasema, "Haya, dada. Asante hata hivyo," akaondoka.

Mume alisubiri mpaka hatua zake zikapotea. "Mke wangu, yule mtoto yuko hai."

"Na wangu je?" alifoka. "Nilikosea wapi? Sijawahi kuiacha dawa yake ipate joto, hata siku moja! Umeme ulikuwepo! Ulikuwepo!" Akaporomoka sakafuni akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Mumewe akaketi kando yake. Akamshika mkono, naye akalia.

Saa tano na nusu walivibeba vyungu wawili, huyu huku na yule kule, wakavuka mtaa mchana kweupe, watu wakitazama.

"Mwagia mchanga maji asubuhi, mchana na jioni," alimwelekeza muuza mboga. "Viweke penye upepo, jua lisifike. Kitambaa kikikauka umekwisha."

Muuza mboga alifunua, akakiona kichupa. "Na hii? Iache humu humu, dada, nafasi ipo."

"Hapana. Hiyo mbovu. Usije ukakosea ukamchoma mtoto." Akakitoa, akakifumbata kiganjani.

Mwenzake alimtazama. "Asante, Mama Chiriku."

Miezi mitatu hakuwa amelisikia jina hilo.

Alirudi nyumbani akakirudisha kichupa mlangoni mwa friji, mahali pake pa siku zote, akafunga. Saa sita kamili friji ikatetemeka mara moja, ikanyamaza. Alivuta kigoda akaketi mbele yake, kiganja juu ya mlango. Mume alileta chai, ikapoa. Jua liligeuka, jikoni kukaanza kuingia giza, naye hakuufungua mlango hata mara moja, maana kila anayejiandaa kwa umeme kukatika anajua kwamba friji isipofunguliwa hutunza baridi muda kidogo zaidi.